Kibanja cha Ndani ya Mashine

Nilitoka Songea na begi moja la nguo na jingine la kompyuta, na kwa ajili ya hilo la pili niligombana na makondakta kuanzia Makambako mpaka Biharamulo. Kila basi lilitaka kulitupa kwenye buti pamoja na matenga ya nyanya. Singida nililala kwenye benchi la stendi nimelikumbatia. Kahama nilikatiwa tiketi ya basi ambalo halikuwepo, na aliyenikatia aliponiona narudi alijifanya anaongea na simu. Nyakanazi tulishushwa, tukakaa kwenye vumbi jekundu tukimngoja fundi ambaye alikuwa amelala chini ya gari alilopaswa kulitengeneza. Ukafuata msitu wa Biharamulo. Tulipokaribia Muleba nchi ikabadilika: migomba, kaburi la saruji katikati ya migomba, kanisa, migomba tena, na upande wa kulia ziwa, chini kabisa, kama kitu kilichoangushwa na mtu ambaye hakurudi kukiokota.

Naikumbuka safari ile kwa hasira kwa sababu nilikuwa nimeapa kuwa ndiyo ya mwisho. Nilikuwa nimeshaishi Mtwara, Mpanda, Tunduma, na hiyo Songea mara mbili. Umri ulikuwa umeanza na nne. Kote huko nilipanga vyumba, na kote nilipoondoka nilifagia, nikarudisha ufunguo, nikaanza kupakumbuka kabla basi halijatoka stendi. Huo ni ugonjwa wangu na sijui dawa yake. Lakini safari hii nilikuwa nimeahidiwa.

Aliyeniahidi ni mwalimu mmoja Mhaya aliyewahi kufundisha Songea. Mimi elimu yangu ni kidato cha nne. Kuandika programu nilijifunzia kwenye duka la intaneti nililokuwa nafanyia kazi, na yeye alikuwa anakuja pale jioni na vitabu vyake vya chuo kikuu. Tulikuwa tunaota kutengeneza lugha ya kuandikia programu kwa maneno ya Kiswahili, ili mwanafunzi asipambane na Kiingereza na kompyuta kwa wakati mmoja. Baba yake alipofariki, ukoo ulimsimika mrithi, akarudi kwao Kitendaguro, pembeni ya mji wa Bukoba, akapata kazi katika chuo cha ufundi upande wa Muleba. Akanipigia simu.

"Njoo tuifanye ile lugha. Chuo kina kompyuta, ni za zamani lakini zinawaka. Nyumbani nafasi ipo. Utakuwa na sehemu yako."

Sehemu yako. Neno hilo nililibeba njia nzima, hata pale Nyakanazi kwenye vumbi.

Nyumbani kwake niliwakuta mke wake na mama yake, ambaye nyumba nzima ilimwita mae, na baada ya wiki chache nami nikamwita hivyo. Chumba nilichopewa kilikuwa stoo ya maharage, yenye dirisha linalotazama mibuni ya nyuma. Magunia yalihamishiwa jikoni, kikawekwa kitanda. Mke wa mwalimu aligongana na yale magunia kila alipogeuka na sufuria, na kila alipogongana alinitazama mimi.

Sasa lazima nieleze kazi yenyewe, maana ugomvi wote ulitoka humo.

Programu ya lugha ya aina ile huandikwa kwa vitalu. Kitalu unakifungua kwa neno ANZA na kukifunga kwa neno MWISHO, na ndani yake unaweza kufungua kingine, na ndani ya hicho kingine tena. Aliye ndani anaona vitu vyake na vya wote waliomzunguka. Aliye nje haoni vya ndani. Kitalu kikianza kazi kinahitaji mahali kwenye kumbukumbu ya mashine pa kuweka vitu vyake: namba, majina, chochote kile. Kompyuta zile za chuo zilikuwa na kumbukumbu ndogo kama mfuko wa shati. Kwa hiyo swali letu lilikuwa moja tu. Kitalu kikishamaliza, mahali pake pafanywe nini?

Mwalimu ndiye aliyeanza kuandika sehemu hiyo kabla sijafika, na alikuwa ameipa majina ya kwao. Mahali pa kitalu alipaita kibanja. Kumbukumbu iliyobaki, isiyo na mwenyewe, aliiita rweya. Nilidhani ni utani mzuri. Kibanja kwa Wahaya ni shamba la migomba lenye nyumba ndani yake na makaburi ya waliotangulia. Rweya ni uwanda wa majani ulioko nje, ambako mtu anaweza kulima msimu mmoja na kupaacha. Nilipoisoma kazi yake ndipo nikaona kwamba hakuwa anatania. Kila kitalu kilipoanza, alikikatia kibanja kutoka kwenye rweya. Kilipomaliza, kibanja kilibaki vilevile, na vitu vyake vyote.

"Hiki kimefika MWISHO," nilimwambia. "Mbona vitu vyake bado vipo?"

"Kibanja hakivunjwi, kaka. Mtu anaweza kurudi."

"Nani? Kimeisha."

"Anaweza akawepo mtoto aliyetoka mle. Akiita vitu vya kwao, avikute."

"Na rweya ikijaa?"

"Nitaandika mfagiaji. Atapita kuangalia vibanja ambavyo hakuna anayevikumbuka."

Huyo mfagiaji alikuwa anaandikwa kesho tangu nilipofika, na kahawa ilikuwa imeshavunwa mara mbili.

Jaribio la kwanza tulilifanya Buganguzi, kwenye mashine ya kukoboa kahawa. Mwenye mashine, mama mmoja asiyejua kunong'ona, alikuwa amechoshwa na watu kugombania foleni, akakubali kompyuta ya chuo ikae mlangoni itoe namba za zamu kwenye vikaratasi. Programu ilikuwa ya wanafunzi, imeandikwa kwa lugha yetu. Asubuhi ilienda vizuri. Kila aliyeweka gunia chini alipata namba, na kila namba iliyotolewa ilifungua vitalu na kuacha vibanja nyuma yake. Mchana kompyuta ikaganda. Hakuna aliyejua anamfuata nani, na watu wakaanza kusogeza magunia kwa magoti.

"Mwalimu," mwenye mashine alisema, "kitu chako kimekula zamu za watu."

"Na hakijashiba," akasema mzee aliyekuwa amekalia gunia lake. "Kitazame kinavyokodoa."

Wakati wa kurudi nilimwambia mwalimu kilichokuwa wazi. Vitalu huingia na kutoka kwa mpangilio: cha mwisho kuingia ndicho cha kwanza kutoka, kama sahani zilizopangwa. Kwa hiyo vipangwe hivyohivyo kwenye kumbukumbu, na kitalu kikiisha sahani yake iondolewe palepale. Mashine haitajaa kamwe.

Alikuwa anaendesha, akacheka huku anaangalia barabara. "Wewe ni mnyamahanga, huwezi kuelewa. Huna kibanja popote. Ndiyo maana una mkono mwepesi wa kufuta."

Mnyamahanga ni mtu wa mataifa mengine, yaani yeyote asiye Mhaya. Nilikuwa nimeshaitwa hivyo sokoni mara nyingi bila kujali. Siku ile nilijali. Nikaingia stoo ya maharage na kuiandika upya sehemu yote ya kumbukumbu kwa namna yangu, kwa hasira, na kazi inayofanywa kwa hasira huwa inakimbia. Jina la kibanja nililiacha lilivyo, makusudi.

Tukarudi Buganguzi. Safari hii kompyuta haikuganda. Ila bibi wa pili kufika alipewa namba iliyojaza mstari mzima wa karatasi.

Aliigeuza karatasi, akaisoma na upande wa pili. "Mwanangu, hii zamu ni yangu au ya vitukuu vyangu?"

"Ishike hiyohiyo, bibi," alisema yule mzee wa gunia, maana alikuwepo tena, "usije ukaipoteza."

Foleni yote ilicheka. Mimi nilijua nini kimetokea kabla hawajamaliza kucheka. Wanafunzi walikuwa wameandika kitalu kinachotengeneza mhesabu zamu: ndani yake kuna jina, idadi, na kuna kazi ndogo inayoiongeza moja kila inapoitwa. Kitalu kinaitoa nje ile kazi ndogo, halafu chenyewe kinaisha. Mimi kilipoisha nikaondoa sahani yake kama nilivyosema, na idadi ikiwa juu yake. Ile kazi ndogo ilikuwa huko nje bado inaikumbuka idadi kuwa ipo mahali palepale, na mahali pale nilikuwa nimeshawapa watu wengine. Ilichokisoma kilikuwa takataka za mpangaji mpya.

Mwalimu hakupandisha sauti. "Umeona? Umevunja nyumba mtoto akiwa ameenda dukani."

Tukarudi yeye akiangalia barabara, mimi dirisha langu.

Jibu lilikuja siku mbili tatu baadaye, mchana, mvua inanyesha, mimi nikipanga begi. Nilikuwa nimeamua kuondoka. Naondoka hivyo mara kwa mara. Mikono yangu inajua kupanga begi kabla sijaiamuru. Nikaona kuwa siwezi kubeba kila kitu cha kile chumba, na sihitaji. Nilikuwa naweka tu vile ambavyo nitaviita huko niendako. Na nilijua ni vipi kabla ya kutoka mlangoni. Nikaacha begi wazi, nikaenda kumtafuta mwalimu, nikamkuta barazani anamenya ndizi na mama yake.

"Programu tunaisoma yote kabla haijaanza kazi," nilimwambia. "Siyo?"

"Ndiyo, inasomwa yote. Wewe mwenyewe ndiye uliyeandika msomaji."

"Basi tunaweza kujua mapema. Kitalu kikiwa na kazi inayotoka nje, tunaangalia inataja majina gani ya ndani. Hayo tu ndiyo yanawekwa rweya. Mengine yote yakae kwenye sahani, yaondoke na kitalu."

Aliacha kumenya. "Kwa hiyo rweya inabaki na vitu vichache."

"Ambavyo mfagiaji wako anaweza kuvipitia bila kuchoka. Ukiwahi kumwandika."

"Mae," alisema, "umemsikia anavyonitukana kwenye baraza letu?"

"Mwandike huyo mfagiaji," mae alijibu, bila kujua ni nani.

Akamwandika. Alimwandika vizuri kuliko ambavyo mimi ningeweza, nasema hivyo hata leo nikiwa na kinyongo. Wiki zile mbili tatu ndizo ninazozikosa zaidi maishani: mvua, meza moja, kompyuta mbili, mae anapita na kusema chai inapoa, sisi tunabishana kuhusu kitu ambacho hakuna mtu mwingine Bukoba nzima aliyekuwa anakijali. Tulipoipeleka Buganguzi kwa mara ya tatu ilitoa namba tangu mlango unafunguliwa mpaka gunia la mwisho. Yule mzee alikuja na gunia nusu, nadhani kutazama tu.

"Leo haijala mtu," alisema, na alionekana kama aliyenyimwa kitu.

Ni baada ya hapo mae aliponipeleka nyuma ya nyumba, kwenye pembe ya kibanja penye mibuni mizee na mgomba mmoja uliokwisha kuzaa. "Mtu haishi na maharage milele," alisema. "Jenga hapa chumba chako."

Nilimuuliza kama mwalimu anajua. Alisema nyumba ni ya mwanawe lakini aliyemzaa ni yeye. Nilicheka, nikaanza kukusanya mawe ya msingi kwenye mteremko, jioni baada ya jioni. Mwalimu aliniona nikibeba. Mara moja alinisaidia kuinua jiwe moja kubwa, akafuta mikono kwenye suruali na kuingia ndani. Nataka hilo likumbukwe. Alinisaidia kuinua jiwe.

Baba zake wadogo walikuja siku ya Jumapili, baada ya ibada. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba napanga mawe. Madirisha ya sebule yalikuwa wazi na walikuwa wanaongea Kihaya, wakiamini kwamba Kihaya ni ukuta. Lakini nilikuwa nimekaa pale miaka. Kilikuwa kimeniingia kupitia jikoni.

Mmoja aliuliza yule mnyamahanga anajenga nini.

"Ni mwanangu," mae alisema.

Halafu mwingine, kwa sauti ya upole kabisa, akauliza: "Akifa, tutamzika wapi?"

Hapo nikaweka jiwe chini. Nilikuwa nimefikiria ukuta, paa, dirisha litazame wapi. Hilo sikuwa nimelifikiria, na wao ndilo walilolifikiria kwanza, kwa sababu mtu aliyejenga ndani ya kibanja huzikwa ndani ya kibanja, na kaburi haliondolewi. Nilingoja sauti ya mwalimu. Yeye ndiye mrithi, neno lake lilikuwa na uzito kuliko la wote mle ndani. Nilingoja kama nilivyowahi kungoja matokeo ya mtihani.

"Ni mgeni wangu," alisema. "Kazi yake imekwisha."

Wakapita kwenye habari nyingine. Nilisikia wakiulizana bei ya kahawa.

Nilimkabili kesho yake, palepale kwenye mawe.

"Kumbe ulisikia," alisema.

"Nilisikia."

"Si suala lako wewe. Kibanja kina taratibu zake. Ningewaambia nini baba wadogo?"

"Ungewaambia uliyonieleza mimi. Ulipigana nami muda wote ule kitalu cha mashine kisivunjwe, eti kuna mtu anaweza kurudi. Kitalu cha namba za zamu."

"Ile ni mashine, kaka."

"Ndiyo. Mashine uliionea huruma."

Alisukuma jiwe kwa ncha ya kiatu. Halafu akasema, na mpaka leo sijui kama alikuwa anatania au anajitetea: "Wewe ndiye uliyesema kilichoisha kiondolewe palepale. Mimi nimekubaliana na wewe."

Kuna watu wanaopiga wenzao kwa ngumi na nawaheshimu zaidi. Nimelijibu neno lile mara nyingi tangu siku hiyo, kwenye mabasi, kwenye foleni za benki, nikinyoa ndevu, na kila jibu linafika limechelewa. Jibu nililokuwa nalo pale nilikuwa nimeshaliandika na linafanya kazi Buganguzi: kwamba hatuondoi kila kitu, kwamba tunaangalia kwanza kama kuna anayekikumbuka. Yeye mwenyewe aliandika nusu yake. Alijua. Hilo ndilo siwezi kumsamehe, kwamba alijua.

"Chumba bado ni chako mpaka upate pa kwenda," aliongeza.

Hilo lilikuwa baya kuliko lile la kwanza.

Siku ya kuondoka nilikunywa chai asubuhi sebuleni. Mke wake alikuwa ameshaanza kufagia chumba changu, taratibu, kwa adabu, kama mtu anayefagia karibu na mgonjwa. Nilipotoka na mabegi gunia la kwanza la maharage lilikuwa limeshafika mlangoni. Sikumlaumu, alikuwa amelivumilia jiko lile kwa muda mrefu. Mae alinipa kahawa ya kutafuna iliyofungwa kwenye jani kavu la mgomba, akanisindikiza mpaka mahali migomba inapoishia, akasimama hapo. Hakulia wala hakuniomba radhi kwa niaba ya yeyote. Alinishika mkono muda mrefu akitazama pembeni, kule kwenye mibuni, ambako kuku alikuwa amepanda juu ya mawe yangu.

Mwalimu alinibebea begi la kompyuta mpaka stendi. Sikumwomba. Kondakta alipotaka kulitupa kwenye buti, yeye ndiye aliyegombana naye, kwa Kihaya, kwa ukali ambao sikuwahi kumsikia nao, mpaka nikaruhusiwa kulipakata. Basi lilipowaka alisimama chini ya dirisha.

"Ukifika piga."

Nilitazama mbele, kwenye kiti cha mtu mwingine, mpaka tukatoka mjini.

Tulipopita Muleba nilitafuta kwa macho njia ya kwenda Buganguzi, na nilipoiona nilijichukia kwa kuitafuta. Ilikuwa saa za kazi. Kompyuta ile ilikuwa mlangoni inatoa namba, na idadi ilikuwa mahali pake.

Mama aliyekuwa amekaa kando yangu, mwenye mkungu wa ndizi miguuni, aliniuliza natoka wapi.

"Kitendaguro," nikasema. Lilitoka lenyewe kabla sijalizuia.

"Ndiyo nyumbani?"

Nilifungua mdomo nimwambie hapana, nilikuwa na kazi tu pale na imekwisha, na sikuweza. Nikatafuna kahawa ya mae ili mdomo uwe na shughuli. Jina bado lilikuwa linaelekeza palepale, kwenye chumba chenye dirisha linalotazama mibuni, na pale kwa wakati huo palikuwa na magunia ya maharage.